Kerneli imepaniki, dampu haipo: kuyatafuta makufuli yanayokwamisha uhifadhi

Umesakinisha kdump (mfumo wa Linux unaohifadhi dampu, yaani nakala ya RAM, kerneli inapopaniki, yaani inapokutana na kosa na kusimama), ukaandika `echo c > /proc/sysrq-trigger`, mashine ikajizima ikawaka tena, na faili likakaa salama ndani ya `/var/crash`. Miezi kadhaa baadaye seva inapaniki kweli, saa nane za usiku, na asubuhi folda ni tupu. Hakuna vmcore (faili la dampu lenyewe) wala mstari mmoja wa logi. Watu hukimbilia kuangalia nafasi ya diski. Nafasi ipo. Mara nyingi kilichokwamisha ni kufuli, yaani kinga inayohakikisha CPU moja tu inagusa data fulani kwa wakati mmoja.

Jaribio la herufi `c` ni la upole mno. Linaendeshwa na mchakato wa kawaida, interapti (ishara zinazoikatiza CPU) ziko wazi, hakuna kufuli la draiva lililoshikwa; kodi ya sysrq hata huachia kwanza RCU (kinga ya kusoma data ya pamoja) iliyokuwa imeishika ndipo iite `panic()`. Paniki ya kweli haina adabu hiyo. Inakuja katikati ya interapti, au ndani ya NMI (interapti isiyozimika kwa njia ya kawaida), au wakati CPU nyingine iko katikati ya kuandika kwenye siriali (mlango wa kutolea maandishi ya konsoli). Kwa hiyo kupita jaribio la `c` kunathibitisha kwamba diski na mipangilio ni sawa, basi. Hatua zilizo hapa ni za Linux, zaidi kwenye x86, na zinakupeleka mpaka kwenye majaribio machafu yanayofanana na ajali yenyewe.

Kwa nini kufuli linaua dampu

Kufuli la kuzunguka, lile la `spin_lock`, linafanya kazi kwa imani moja: aliyelishika yuko hai na ataliachia baada ya muda mfupi sana. Chukua nyumba ya kupanga yenye stoo moja na ufunguo mmoja. Mpangaji kaingia, kajifungia kwa ndani, kazirai. Wenzake watagonga mpaka kuche. Paniki hufanya hivyo hivyo: CPU inayopaniki inazigandisha CPU nyingine popote zilipo, na kama mojawapo ilikuwa imeshika kufuli, halitaachiwa tena.

Hiyo ni namna ya kwanza. Ya pili ni CPU kujifungia yenyewe: imeshika kufuli, NMI inaingia katikati, na kodi ya NMI inalitaka kufuli lile lile. Kuzima interapti hakusaidii kitu, kwa sababu NMI haizimwi kwa njia hiyo. Ya tatu ni kufuli la kulala, yaani myuteksi au semafo, kuitwa mahali ambapo kulala hakuwezekani. Baada ya paniki hakuna mtu wa kukuamsha.

Mpangilio wa mambo ndani ya `panic()` ndio ramani yako, kwa hiyo ushike kichwani. CPU ya kwanza kufika inaandika namba yake kwenye kigezo cha atomiki. Zitakazopaniki baada yake zinasimama zenyewe. Inawasha alama ya `oops_in_progress` (kerneli imo kwenye kosa) kupitia `bust_spinlocks(1)`, inachapisha "Kernel panic - not syncing", kisha, kama hujabadilisha kitu, inaruka moja kwa moja kwenye kerneli ya pili (ile ya kdump, ya kuhifadhi dampu) kwa `__crash_kexec()`. Ikishindikana hapo ndipo inasimamisha CPU nyingine, inaita vijulishi vya paniki (tutavieleza hatua ya 4), inaita `kmsg_dump()` ambayo ndiyo huilisha pstore (akiba ndogo ya logi inayodumu mashine ikiwashwa upya), inamwaga konsoli, halafu inahesabu sekunde za `kernel.panic` na kuwasha mashine upya.

Kumbuka kwamba kdump inatangulia vijulishi na pstore. Hilo ni la makusudi. Mifumo ya zamani kama netdump na diskdump iliandika dampu kwa draiva za kerneli ile ile iliyokufa, pamoja na makufuli yake yote. Kdump, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.13 mwaka 2005, inakwepa tatizo kwa kuruka kwenye kerneli mbichi iliyotengewa sehemu yake ya RAM, ambayo haijashika kufuli lolote. Kila kitu unachokitanguliza kabla ya mruko huo kinapunguza faida hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha kerneli ya pili ipo kweli

Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install kdump-tools makedumpfile crash
sudo kdump-config show
```

Kiasi cha RAM cha kerneli ya pili kinawekwa ndani ya `/etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg`, kisha `sudo update-grub` na kuwasha upya. Kwenye familia ya Red Hat hadi RHEL 9, sakinisha `kexec-tools`, washa huduma ya `kdump`, na weka kiasi kwa `grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=512M"`. RHEL 9 inakuja na `1G-4G:192M,4G-64G:256M,64G-:512M`. Mashine yenye kadi nyingi za mtandao au za diski huhitaji zaidi ya hapo, kwa sababu draiva zote hizo zinapakiwa tena ndani ya nafasi hiyo finyu.

```
cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded
cat /sys/kernel/kexec_crash_size
```

Ya kwanza lazima irudishe 1. Ikirudisha 0 hakuna haja ya kuendelea kuongelea makufuli. Ya pili ni baiti zilizotengwa. Ikiwa 0, kigezo cha `crashkernel` hakijasomwa.

Fanya jaribio la upole sasa hivi, `sync` kwanza kisha `echo c`. Lifanye kwenye mashine pepe yenye angalau CPU mbili, kamwe si kwenye seva inayohudumia watu. Likishindwa, tatizo lako ni la mipangilio. Likipita, endelea.

Hatua ya 2: Weka konsoli ambayo haitakunyima habari

Bila siriali unapapasa gizani. Weka kwenye mstari wa kerneli:

```
console=tty0 console=ttyS0,115200n8
```

Kwenye siriali ya 8250 kuna mfano mzuri wa namna kufuli linavyopaswa kushughulikiwa. Kwa kawaida draiva inashika kufuli la mlango ndipo iandike. Ikiona `oops_in_progress` imewashwa, inajaribu tu: ikilipata sawa, isipolipata inaandika hivyo hivyo. Herufi chache zinaweza kuchanganyikana, lakini ujumbe unatoka. Konsoli ya picha haina ujasiri huo, kwa sababu nyuma yake kuna makufuli mengi ya kadi ya video, ndiyo maana skrini hubaki imeganda na sura ya mwisho ya dawati. Kerneli 6.10 ilileta njia maalumu ya kuchora ujumbe wa paniki kwenye skrini, ila ni kwa draiva zilizotengenezwa kuikubali.

Usiache siriali kwenye kasi ya 9600. Kila herufi ni biti 10 kwenye waya, hivyo unapata herufi 960 kwa sekunde. Logi ya MiB 1 ikimwagwa yote inachukua zaidi ya dakika 18. Kwa 115200 ni kama sekunde 91. Anayesubiri dakika tano kisha anabonyeza kitufe cha umeme ataapa kwamba mashine ilikwama kwenye kufuli, kumbe ilikuwa inaandika polepole. Ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu na `panic_print=0x20`, inayoamuru logi yote ichapishwe upya.

Na ukikuta ujumbe wa paniki haukutoka kwenye siriali lakini umo ndani ya `vmcore-dmesg.txt`, hilo si fumbo. Konsoli ilikuwa imeshikwa na CPU nyingine, `printk` ikaacha ujumbe kwenye hifadhi yake ya duara na kuendelea na safari. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 3: Geuza mkwamo kuwa paniki

Mkwamo wa makufuli wenyewe mara nyingi haupaniki. Mashine inaganda tu, na kdump haiitwi. Andika kwenye `/etc/sysctl.d/90-paniki.conf`:

```
kernel.panic = 10
kernel.panic_on_oops = 1
kernel.softlockup_panic = 1
kernel.hardlockup_panic = 1
kernel.unknown_nmi_panic = 1
kernel.watchdog_thresh = 10
```

Kwa kizingiti cha 10, CPU iliyofunga interapti hukamatwa baada ya kama sekunde 10, na ile isiyoachia nafasi kwa kazi nyingine baada ya 20. Unaweza kuongeza `kernel.hung_task_panic = 1`, ila fikiria vizuri: mchakato uliokaa sekunde 120 ukisubiri diski ya mtandao nao utaiangusha seva nzima.

Ndani ya mashine pepe angalia `dmesg | grep -i "nmi watchdog"`. Ukikuta "Perf NMI watchdog permanently disabled", mgeni (yaani mashine pepe) hana kihesabio cha maunzi, na `hardlockup_panic` imebaki pambo. Hapo utategemea NMI ya kusukumwa kutoka nje:

```
virsh inject-nmi seva1
ipmitool -I lanplus -H ANWANI -U MTUMIAJI chassis power diag
```

Ya kwanza ni ya KVM, ya pili ni ya seva halisi yenye BMC (kompyuta ndogo ya kuisimamia seva kutoka nje). Bila `unknown_nmi_panic` mashine itaandika kwamba imepokea NMI isiyojulikana, kisha itaendelea kama kawaida.

Hatua ya 4: Vijulishi vya paniki, mtego mkubwa kuliko yote

Kijulishi ni kazi ambayo draiva au moduli inaomba iitwe kerneli ikipaniki: kuzima kadi, kumwarifu haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe), kuandika tukio kwenye BMC, kuwasha taa. Vyote vinakaa kwenye orodha moja na vinaitwa kimoja baada ya kingine. Kimoja kikishika `spin_lock` kwa kuzunguka bila kikomo, vyote vilivyo nyuma yake vimekufa, pstore imekufa, na hata `kernel.panic = 10` haifanyi kitu, kwa kuwa hesabu ya sekunde huanza baada ya vijulishi.

Kigezo kinachoamua ni hiki:

```
cat /sys/module/kernel/parameters/crash_kexec_post_notifiers
```

`N` maana yake kdump kwanza. `Y` maana yake vijulishi na `kmsg_dump` kwanza, kdump baadaye. Baadhi ya mazingira huiwasha yenyewe. Mgeni wa Hyper-V ni mfano, ili haipavaiza ipate taarifa ya ajali. Kwingineko watu huiwasha kwa sababu wanataka pstore na kdump kwa pamoja, bila kujua wamekopa nini.

Moduli ndogo ifuatayo inaonyesha deni hilo. Uzi mmoja unashika kufuli kwenye CPU 1 na hauliachii. Kijulishi kinalitaka kufuli hilo hilo. Iite `kufuli_jaribio.c`:

```c
#include <linux/module.h>
#include <linux/kthread.h>
#include <linux/delay.h>
#include <linux/spinlock.h>
#include <linux/panic_notifier.h>

static DEFINE_SPINLOCK(kufuli);

static int mshika_kufuli(void *x)
{
	spin_lock_irq(&kufuli);
	for (;;)
		cpu_relax();
	return 0;
}

static int wakati_wa_paniki(struct notifier_block *nb,
			    unsigned long e, void *p)
{
	spin_lock(&kufuli);	/* hapa ndipo inapokwama */
	pr_emerg("nimepata kufuli\n");
	spin_unlock(&kufuli);
	return NOTIFY_DONE;
}

static struct notifier_block nb = {
	.notifier_call = wakati_wa_paniki,
};

static int __init anza(void)
{
	struct task_struct *t;

	atomic_notifier_chain_register(&panic_notifier_list, &nb);
	t = kthread_create(mshika_kufuli, NULL, "mshika");
	if (IS_ERR(t))
		return PTR_ERR(t);
	kthread_bind(t, 1);
	wake_up_process(t);
	msleep(500);
	panic("jaribio la kufuli");
	return 0;
}
module_init(anza);
MODULE_LICENSE("GPL");
```

Kichwa cha `panic_notifier.h` kipo tangu kerneli 5.14. Tengeneza Makefile yenye mstari `obj-m += kufuli_jaribio.o`, kisha:

```
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules
sudo taskset -c 0 insmod kufuli_jaribio.ko
```

`taskset` ni ya lazima. Ukiiacha, `insmod` inaweza kuangukia CPU 1 ile ile, uzi ukafunga interapti zake, `msleep` isiamke kamwe, na hutafika hata kwenye paniki. Kama Secure Boot imewashwa, moduli isiyosainiwa itakataliwa. Zima Secure Boot ya mashine pepe ya majaribio.

Mara ya kwanza endesha na kigezo kikiwa `N`. Dampu inapatikana. CPU 1 imefunga interapti, lakini kdump kwenye x86 huzisimamisha CPU nyingine kwa NMI, ikizisubiri sekunde moja tu, halafu inaruka. Kijulishi hakikuitwa.

Mara ya pili, andika `1` kwenye kigezo hicho kabla ya `insmod`. Siriali itaonyesha "Kernel panic - not syncing: jaribio la kufuli", orodha ya miito, kisha kimya. Sekunde 10 zitapita, dakika 10 zitapita. Hali hii ndiyo inayowachanganya watu wa zamu usiku: ujumbe wa paniki uko wazi kwenye siriali, `kexec_crash_loaded` ilikuwa 1, na bado hakuna kitu. CPU 0 inazunguka ndani ya `wakati_wa_paniki`, na mwenye kufuli amekwisha kusimamishwa.

Dawa ya upande wa kodi ni kubadilisha mstari mmoja:

```c
	if (!spin_trylock(&kufuli))
		return NOTIFY_DONE;
```

Kukosa taarifa ya draiva moja ni hasara ndogo kuliko kukosa dampu nzima. Ukiandika draiva, ichukulie hii kuwa sheria ya kila kinachoitwa baada ya paniki: jaribu, ukikosa ondoka. Usiguse myuteksi, usiombe kumbukumbu kwa `GFP_KERNEL`, usisubiri kazi iliyopelekwa kwenye foleni, maana hakuna atakayeifanya.

Dawa ya upande wa msimamizi ni kuacha kigezo kikiwa `N` isipokuwa una sababu unayoweza kuitaja kwa jina. Kama unakihitaji `Y`, rudia majaribio ya hatua ya 7 kila unapobadilisha kerneli au kuongeza moduli ya nje.

FreeBSD ilichukua njia nyingine kabisa, na inafaa kuijua. Kule dampu huandikwa na kerneli iliyopaniki, kwenda kwenye swopu iliyochaguliwa kwa `dumpon`, na `savecore` huihamishia `/var/crash` mashine ikiwaka. Ili makufuli yasiikwamishe, CPU nyingine zinasimamishwa, kisha kazi za kushika kufuli zinaangalia kama skedula (kipanga zamu cha kazi) imesimama na kurudi mara moja, kana kwamba kufuli limepatikana. Ni busara ya kutosha, ila muundo wa data unaoguswa unaweza kuwa umeachwa nusu njia.

Hatua ya 5: pstore kama akiba

Pstore haihifadhi RAM nzima, huhifadhi mkia wa logi tu, kwa kawaida baiti 10240 (`pstore.kmsg_bytes`). Lakini kdump ikikosa kuruka, huo mkia ndio utakaokuokoa.

```
journalctl -k | grep -i pstore
ls /sys/fs/pstore /var/lib/systemd/pstore
```

Tafuta mstari unaosema "Registered ... as persistent store backend". Na usikate tamaa ukikuta `/sys/fs/pstore` tupu: `systemd-pstore` huyahamishia mafaili kwenye folda ya pili mashine ikiwaka.

Historia ya pstore yenyewe ni somo la makufuli. Mwanzoni ililinda hifadhi yake kwa myuteksi, na mwaka 2011 ikabidi ibadilishwe, kwa sababu `kmsg_dump` inaweza kuitwa kutoka ndani ya NMI. Siku hizi, ikiwa kwenye njia ya paniki, inajaribu kufuli mara moja. Ikilikosa inaandika ujumbe unaoanza na "dump skipped in" na kuacha. Ukiuona kwenye siriali, maana yake CPU nyingine ilikuwa katikati ya kuandika rekodi yake, pengine ya oops (kosa la kerneli ambalo peke yake si lazima lifike paniki) iliyotangulia paniki kwa kufumba na kufumbua. Rekodi hiyo ya oops ndiyo utakayoikuta, na mara nyingi ndiyo yenye thamani zaidi.

Ukihifadhi kwenye EFI (fomweya ya mashine), kuna semafo ya kulinda vigezo vya EFI, nayo hujaribiwa bila kusubiri. Fomweya yenyewe ni polepole na nafasi ni finyu, kwa hiyo futa rekodi za zamani. Ramoops, inayoandika kwenye kipande cha RAM, ina mambo machache ya kuharibika, mradi fomweya yako haifuti RAM wakati wa kuwasha upya bila kukata umeme. Kwenye kerneli za karibuni unaweza kuandika:

```
reserve_mem=2M:4096:oops ramoops.mem_name=oops ramoops.record_size=131072
```

Hakuna hakikisho kwamba kipande hicho kitaangukia anwani ile ile kila mara. Washa upya mara tatu nne ujionee.

Jambo moja linasahaulika sana: kigezo kikiwa `N` na kdump ikafanikiwa kuruka, `kmsg_dump` ya paniki haiitwi kabisa. Pstore tupu baada ya vmcore nzima si hitilafu.

Hatua ya 6: Kufuli la kexec lenyewe

`__crash_kexec()` nayo ina kufuli, linalozuia picha ya kerneli ya pili kutumiwa wakati inabadilishwa. Hadi 2022 lilikuwa myuteksi iliyojaribiwa kwa `mutex_trylock`. Likabadilishwa kuwa kigezo cha atomiki, maana `mutex_trylock` haifai ndani ya NMI, hasa kwenye kerneli za PREEMPT_RT (za kazi za muda halisi). Tabia imebaki ile ile: likiwa limeshikwa, kdump inarukwa kimyakimya.

Nani hulishika? Kila anayepakia picha upya. Kanuni za udev (huduma inayoshughulikia vifaa vinavyoingia na kutoka) huwasha upya huduma ya kdump kila CPU au RAM inapoongezwa au kuondolewa mashine ikiwa hewani. Mashine pepe inayoongezewa na kupunguziwa RAM mara kwa mara hutumia muda mwingi katika dirisha hilo kuliko unavyodhani, na ndizo nyakati ambazo mambo huharibika. Angalia `journalctl -u kdump` au `-u kdump-tools`. Ukiona imepakiwa upya mara kumi na zaidi kwa siku, punguza mabadiliko hayo au hamia kerneli 6.6 na kuendelea, inayoweza kuhuisha orodha ya CPU na RAM yenyewe. Faili la `/sys/devices/system/memory/crash_hotplug` likiwa na 1, kerneli inajitegemea.

Hatua ya 7: Majaribio machafu

Kama kerneli yako ina moduli ya lkdtm (ya kusababisha ajali za kerneli kwa makusudi):

```
sudo modprobe lkdtm
cd /sys/kernel/debug/provoke-crash
echo HARDLOCKUP > DIRECT
```

Endesha kila moja peke yake, ukianza na mashine iliyowashwa upya: `PANIC`, `EXCEPTION`, `SOFTLOCKUP`, `HARDLOCKUP`, `SPINLOCKUP`. Ya mwisho huandikwa mara mbili: ya kwanza inashika kufuli na kuondoka, ya pili ndiyo inayokwama. Kisha ongeza NMI kutoka nje huku mashine ikiwa na kazi nzito ya diski na mtandao, na siriali ikimwagiwa logi kwa kitanzi cha `echo t > /proc/sysrq-trigger`. Rudia angalau mara kumi. Mkwamo wa makufuli ni suala la bahati ya sekunde, na jaribio moja lililopita halisemi mengi.

Kwenye arm64 ongeza uangalifu. Bila NMI bandia, CPU iliyofunga interapti haisikii amri ya kusimama, na utaona "SMP: failed to stop secondary CPUs" ikifuatiwa na namba zake. Kama kerneli imejengwa na uwezo huo na kidhibiti cha interapti cha maunzi ni GICv3, ongeza `irqchip.gicv3_pseudo_nmi=1`.

Mashine ikijiwasha katikati ya kuandika dampu, pima muda kwa saa. Ukiwa ule ule kila mara, kwa mfano sekunde 60 kamili, wa kulaumiwa ni kipima muda cha maunzi kilichowashwa na kerneli ya kwanza, ambacho kerneli ya pili haijui kukilisha. Weka draiva yake ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa mafaili wa kuwashia) ya kdump, au ongeza muda.

Hatua ya 8: Kulisoma kufuli ndani ya vmcore

Utahitaji vmlinux yenye alama za utatuzi ya toleo lile lile. Kwenye Debian huwa `/usr/lib/debug/boot/vmlinux-$(uname -r)`, kwenye Red Hat `/usr/lib/debug/lib/modules/$(uname -r)/vmlinux`. Mashine pepe iliyoganda kabisa, kama ile ya jaribio la pili la hatua ya 4, ivutie RAM kutoka nje: `virsh dump seva1 /tmp/seva1.core --memory-only`. Faili hilo nalo hufunguka kwa `crash`, programu ya kusomea dampu.

```
crash> log | tail -60
crash> bt -a
crash> mod -s kufuli_jaribio /root/kufuli_jaribio.ko
crash> p kufuli
```

`bt -a` ndiyo ya kwanza kusoma. Tafuta CPU iliyo ndani ya `native_queued_spin_lock_slowpath`: hiyo inasubiri. Mwenye kufuli ni miongoni mwa zilizobaki. Kwenye jaribio la kwanza la hatua ya 4, `val` ya kufuli ni 1: limeshikwa, hakuna aliye kwenye foleni. Likiwa na foleni, sukuma `val` biti 18 kulia na utoe 1. Unapata namba ya CPU iliyo mkiani. Kufuli la kuzunguka halihifadhi jina la mwenyewe isipokuwa kerneli imejengwa na `CONFIG_DEBUG_SPINLOCK`, hivyo kwa kerneli za kawaida utalazimika kusoma orodha ya miito ya kila CPU na kuona nani amepita kwenye kodi inayolishika.

Myuteksi ni rahisi zaidi. Chapisha `struct mutex.owner` kwa anwani yake, sifirisha biti tatu za mwisho, na kinachobaki ni anwani ya `task_struct` ya mwenyewe. Iingize kwenye `bt`. Kama yeye naye yuko kwenye `__mutex_lock`, fuata kufuli analolisubiri kwa njia hiyo hiyo, mpaka ufike kwa asiyesubiri mtu au urudi kwa uliyeanza naye.